Hakiki kipima unyevu kabla mahindi hayajaanza kuingia ghalani

Mwezi Mei ukikaribia, viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hukagua maturubai, hununua magunia na kufagia maghala. Kipima unyevu hubaki kabatini mpaka siku ya kupokea mzigo wa kwanza. Ugomvi huanzia hapo: mashine ya mnunuzi inasoma unyevu wa asilimia 14.6, ya chama inasoma 13.2, na mwenye mahindi hajui aamini ipi.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mashine ikisoma juu ya ukweli kwa asilimia moja, unaanika mahindi yaliyokwisha kukauka. Tani moja ikishuka kutoka 13.5 hadi 12.5 hupoteza zaidi ya kilo 11, na kilo hizo hakuna anayekulipa. Ikisoma chini ya ukweli ni hatari kubwa zaidi. Mahindi ya asilimia 15 yanafungwa yakidhaniwa makavu, yanapata joto, yanaota ukungu na sumukuvu inaingia, sumu ambayo haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2004 ilihusishwa na vifo vya watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hiyo kuhakiki mashine hii ni kulinda mlo wa watu, si mizani ya biashara tu.

Mashine nyingi za mkononi haziyapimi maji moja kwa moja. Zinapima jinsi punje zinavyoitikia umeme, kisha zinakadiria. Betri iliyochoka, vumbi kikombeni, punje zilizopasuka, dawa ya unga iliyoshika kwenye punje, au kuiacha mashine kwenye mpangilio wa ngano wakati unapima mahindi, vyote hubadilisha namba. Baridi pia. Mahindi yaliyolala nje Njombe au Makambako mwezi Juni yasipimwe alfajiri. Yaache yafikie joto la chumba kimoja na mashine.

Wiki tatu au nne kabla ya mavuno, anza kwa kusafisha kikombe kwa brashi laini na kuweka betri mpya. Kisha tafuta sampuli tatu za mahindi ya eneo lenu: makavu ya msimu uliopita, ya kati, na mabichi yaliyopukuchuliwa karibuni. Usiyarushie maji mahindi makavu ili upate sampuli mbichi, kwa sababu maji yakikaa juu ya ganda mashine inasoma uongo. Kila sampuli ifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa, ikae usiku kucha. Asubuhi pima kila moja mara tano, ukimwaga na kujaza upya kila mara, halafu tafuta wastani. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nusu asilimia kwa sampuli ileile, ama ujazaji wako haufanani au mashine ina kasoro. Hilo limalizwe kwanza.

Sehemu ya sampuli hizohizo ipeleke kwenye maabara ya chuo cha kilimo au kituo cha utafiti kilicho karibu, ikaukie kwenye oveni ya maabara. Punje nzima za mahindi hukaushwa kwa nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72. Hesabu yake ni nyepesi lakini watu huikosea: gramu 50 zikibaki 43, maji yaliyotoka ni gramu 7, na 7 hugawanywa kwa 50, uzito wa awali. Jibu ni asilimia 14. Ukigawanya kwa 43 utapata 16.3, na utaihukumu mashine bure.

Oveni ikisema 14.0 na mashine 12.8, ongeza 1.2 kwa kila kipimo. Ikiwa mashine yako ina sehemu ya kurekebishia, rekebisha hapo. Kama haina, andika tofauti hiyo na tarehe kwenye plasta na uibandike mgongoni mwake. Tofauti ya mahindi makavu na ile ya mabichi huenda zisilingane. Fuata ile ya sampuli yenye unyevu ulio karibu na 13.5, maana hapo ndipo mzigo hupokelewa au hukataliwa.

Asiye na mashine anaweza kutumia chumvi kavu: vijiko viwili au vitatu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, mahindi theluthi moja, utikise na usubiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie kufunga magunia, kwani chumvi haitofautishi 14 na 13.

Bakiza chupa moja ya mahindi ambayo unyevu wake umethibitishwa na oveni, iliyofungwa vizuri na kuwekwa mbali na jua. Kila Jumatatu ya msimu, kabla bambo, chuma cha kuchotea sampuli, halijachomwa kwenye gunia la kwanza, pima mahindi ya chupa hiyo na uyarudishe upesi. Namba ikihama, simamisha kupokea mizigo mpaka sababu ijulikane.