Ukungu ukutani: tafuta maji kabla ya kutafuta rangi

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba hapa Kigoma, zaidi Mwanga na Gungu, na Ujiji nikiitwa. Mvua zikishakolea, simu zinafanana: "Fundi, ukuta umeota ukungu, njoo uupake." Naenda, lakini rangi naiacha nyumbani. Ukungu ni kitu hai. Unakula vumbi, mbao, karatasi, hata rangi yenyewe, na kinachouotesha ni maji. Ukiufunika huku maji yanaendelea kuja, utatokeza tena na hela yako imekwenda.

Kwanza hakikisha ni ukungu kweli. Unga mweupe unaoyeyuka ukiutia maji ni chumvi inayotoka kwenye tofali au plasta. Nao ni dalili ya unyevu, lakini si ukungu. Doa jeusi au la kijani lidondoshee tone la Jik. Likififia baada ya dakika chache, ni ukungu. Likibaki vilevile, huenda ni masizi au uchafu tu.

Kisha angalia lilipo. Likianzia sakafuni na kukomea magotini au kiunoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Tofali la kuchoma linanyonya sana, na nyumba nyingi zimejengwa bila nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi. Likiwa juu, kwenye kona ya dari, kagua bati, hasa matundu ya misumari. Likiwa nyuma ya kabati au upande wa kichwani mwa kitanda, mara nyingi tatizo ni hewa: watu wamelala wengi, madirisha yamefungwa, na mvuke wa pumzi unagandia ukuta wa baridi.

Ukishindwa kuamua, kata kipande cha nailoni ngavu, ukubwa wa daftari, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Kiache siku mbili. Kikilowa upande unaogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Kikilowa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya humo ndani. Naupenda mtihani huu kwa sababu unamaliza ubishi. Mpangaji anaambiwa hafungui madirisha, kumbe maji ya bati yanamwagikia msingi kila mvua inaponyesha. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba, na naona si haki kumtwika mpangaji.

Maji ya bati yafungie mfereji yaende mbali. Udongo uliorundikana ukutani kwa nje uchimbe uuondoe, na ardhi uielekeze mteremko kutoka kwenye nyumba. Kwa unyevu wa hewa, fungua madirisha asubuhi mvua ikikatika (weka wavu, mbu wasiwe sababu ya kujifungia), usianike nguo chumbani, na vuta kabati na godoro viachane na ukuta.

Ndipo unasafisha. Watoto watoke, na mwenye pumu asiifanye kazi hii. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha. Usikwangue wala kupiga msasa ukungu mkavu: chembe zake hupeperuka na kuingia mapafuni. Ulowanishe, usugue kwa maji na sabuni ya unga, ufute, ukauke. Ukitaka Jik kwenye sakafu au vigae, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji kinatosha. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo wala siki. Hutoa gesi yenye sumu. Silingi bodi iliyooza usiisafishe, itoe. Ukungu ukienea ukuta mzima, tafuta msaada.

Afya ndiyo inayonifanya nisisitize. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na madhara yanajulikana: chafya, mafua yasiyokatika, macho kuwasha, kikohozi, kubanwa kifua, na pumu kuzidi. Watoto, wazee na wenye kinga dhaifu huumia zaidi. Ila usiusingizie ukungu kila kikohozi. Kikifika wiki mbili, mpeleke mgonjwa akapimwe kifua kikuu.

Na kama chumba hicho ndicho chenye gunia la mahindi au karanga, lihamishe uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Nafaka iliyoota ukungu usile wala usisage. Kuipika hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Rangi ingoje. Rudia mtihani wa nailoni, na kama umepiga plasta mpya ipe wiki nne. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kizuri. Tumia rangi ya maji, maana rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani, ikavimba na kubanduka. Fundi akikwambia rangi yake inamaliza ukungu bila kwanza kuuliza maji yanatoka wapi, tafuta mwingine.