Usizijaze sifuri kwa mkono wako

Kazi yangu ni hesabu za mabomba ya maji. Mtandao wenye maungio 100,000 unazaa matriksi (jedwali la namba) ya 100,000 kwa 100,000. Ukiihifadhi nzima, baiti 8 kila namba, unahitaji GB 80. Lakini ungio moja hugusana na mabomba matatu au manne, kwa hiyo kila safu ina namba tano hivi na zilizobaki ni sifuri. Hifadhi namba hizo na anwani zake tu: hazifiki MB 10.

Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, anza na muundo wa COO, ambao ni orodha ya namba na anwani zake. Kwa kila bomba andika namba nne, mbili kwenye ulalo (mstari wa kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia) na mbili nje yake, bila kujali kama nafasi hiyo ilishaandikwa. Ukigeuza kuwa CSC, muundo unaozipanga namba safuwima kwa safuwima, zilizogongana zinajumlishwa zenyewe. Kuingiza namba mojamoja ndani ya CSC ni kukesha bure.

Usitafute kinyume cha matriksi. Kinyume cha mtandao ulioungana hakibakizi sifuri hata moja. Tumia splu, kitendakazi cha SciPy kinachoipasua matriksi kuwa pembetatu mbili rahisi kutatua, na kwa matriksi linganifu kama hii weka chaguo lake permc_spec iwe MMD_AT_PLUS_A, ndiyo inayopanga ungio gani liondolewe kwanza wakati wa kutatua. Ukiondoa ungio, majirani zake wote wanaunganishwa wao kwa wao, na kila muungano mpya ni sifuri iliyojaa. Kwa hiyo tunaanza na lenye majirani wachache. Harry Markowitz aliandika wazo la namna hii tangu 1957.

Mimi niliumia kwingine. Niliongeza adhabu (mraba wa umbali kutoka lengo) ili wastani wa presha ufike kiwango nilichotaka, mstari mmoja tu wa msimbo wa programu. Mraba wa jumla ya vigeu vyote (presha za maungio) hugusanisha kila kigeu na kila kingine! Matriksi ikajaa pembe hadi pembe, kompyuta ikaganda, nami siku mbili nzima nikawa natafuta kosa kwenye splu. Dawa yake: matriksi ya mtandao, H, ibaki ilivyo, adhabu yenye uzito c ibaki vekta v, yaani orodha moja tu ya namba. Pasua H mara moja, tatua Hy = g (g ni upande wa kulia wa milinganyo), kisha Hz = v. Jibu ni y − z·c(v·y)/(1 + c(v·z)).

Kabla ya kutatua, chora matriksi kwa spy ya Matplotlib, maktaba ya michoro ya Python; huweka doa kila palipo na namba isiyo sifuri. Ukiona mstari mweusi umekatiza kote, msake kigeu aliyeuleta. Akiondolewa kwanza, anajaza kila kitu. Akiondolewa mwisho, haongezi hata namba moja.