Somo: Kuweka Windows 11 kwenye kompyuta iliyokataliwa

Wakuu, muda wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zikiomba Windows 11 zinaambiwa hazifai: hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), au prosesa ya Intel iko chini ya kizazi cha 8. Habari njema ni kwamba anayekataa hapo ni msakinishaji tu, yaani programu inayoweka Windows. Akishapitwa, mfumo wenyewe unafanya kazi.

1. Kagua prosesa. Hapa hakuna ujanja. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inadai SSE4.2 na POPCNT (amri zilizojengwa ndani ya prosesa), na zikikosekana Windows haiwaki kabisa. Core 2 Duo imeachwa nje. Core i5 na i7, hata za kizazi cha kwanza, zimo. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha kama SSE4.2 ipo.

2. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine.

3. Tengeneza flashi. Pakua ISO (faili moja lenye Windows 11 nzima) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, si zile "zilizopunguzwa uzito" na watu wasiojulikana. Chomeka flashi ya GB 8 au zaidi (itafutwa yote), fungua Rufus (programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kusakinishia), chagua ISO. Mashine ya zamani isiyo na UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwasha kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS), kwenye mpangilio wa diski ndani ya Rufus ipe MBR badala ya GPT. Ukibonyeza Start kitatokea kidirisha cha maswali. Weka tiki panapotajwa kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) na TPM. Kazi yote iko kwenye tiki hiyo, na ndiyo watu huiruka.

4. Sakinisha. Ukitaka kuanza upya, washa kompyuta kwa flashi. Ukitaka kubaki na programu zako, fungua flashi ukiwa ndani ya Windows 10 na ubofye setup.exe; kwa njia hii tumia Rufus 4.6 au mpya zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, leseni yangu ya Windows 10 itakubali?*
Itakubali, mradi uweke aina ileile ya Windows: Home ibaki Home na Pro ibaki Pro.

*Masasisho je?*
Ya usalama ya kila mwezi kwa kawaida yanakuja, ila Microsoft haikuahidi chochote. Toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe: unarudia hatua ya 3, kisha setup.exe. Kama kompyuta ni ya ofisi yenye siri za watu, mimi nisingeiweka kwenye hali hiyo.

*Yangu ina RAM ya GB 2.*
Itaingia, na utajuta. Weka Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows.

*Nimemaliza, Wi-Fi haionekani!*
Pakua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi ya Windows 10 kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, mara nyingi inakubali.

*Nikitaka kurudi nyuma?*
Kama ulitumia setup.exe na kubaki na programu zako, una siku 10 za kurudi kupitia Settings, sehemu ya Recovery. Aliyefuta diski, hana pa kurudi ila kusakinisha Windows 10 upya.