SOMO: Kufufua Bobcat 763 iliyochoka, na kusaka spea bila kupigwa

Wakuu, wiki hii wamenifuata vijana wawili, kila mmoja na bobcat yake ya mtumba (kile kimashine kidogo cha kupakia chenye baketi mbele), na wote walishaambiwa "pampu imekufa" na kutajiwa bei. Wa kwanza nilimkuta mkanda umelegea. Wa pili kibushi (kile kipande cha mviringo kinachoshika kiungo) cha fimbo ya usukani kilikuwa kimelika mpaka fimbo inacheza kama jino la mtoto. Hakuna aliyehitaji pampu. Nikaona niandike.

Mfano wangu ni 763, mashine ya miaka ya 1990 yenye injini ya Kubota V2203, kwa sababu ndiyo nimeifungua mara nyingi. Huku kwetu kila kimashine cha namna hii ni bobcat, hata kama ubavuni kimeandikwa Case au Gehl. Kijiweni haina shida. Dukani jina hilo tupu litakutoa na kitu ambacho hakiingii popote.

Hatua ya 1: Namba

Kibati cha namba ya mashine kipo nje ya fremu. Kisugue na kitambaa chenye dizeli, usitumie brashi ya chuma. Utakuta tarakimu 9: nne za mwanzo ni aina na toleo la mashine, tano za mwisho ni zamu yake kiwandani. Piga picha. Injini ina namba yake, pampu ina yake, nazo zipige picha. Mashine moja ina vitambulisho vitatu, na muuza spea atataka kimoja kulingana na unachotafuta.

Hatua ya 2: Kufungua kabini

Shusha mikono ya mashine, ile inayonyanyua baketi, hadi chini. Kama ni lazima ibaki juu, ifunge kwa kizuizi chake cha chuma, si kwa gogo, si kwa jeki. Fungua nati mbili za mbele ya kabini, inyanyue kwa mbele ilalie nyuma mpaka usikie komeo limeshika. Kisha osha kila kitu kabla ya kulegeza hozi hata moja. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye pampu, utakuwa umejitengenezea shida mpya kabla hata hujairudisha kabini.

Na tafadhali, uvujaji hautafutwi kwa kidole. Oili ya presha hutoboa ngozi na kuacha alama ndogo kama ya mbu, mtu akaipuuza, baadaye mkono unavimba. Ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama hauumi. Tumia kipande cha boksi.

Hatua ya 3: Upande mmoja au pande zote?

Hapa ndipo pesa zinapookolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Injini inazungusha mkanda. Mkanda unazungusha pampu mbili za kutembea zilizoungana, moja ya kushoto na moja ya kulia, na nyuma yake kuna pampu ya gia inayohudumia mikono na baketi na kuzilisha zile mbili. Kila pampu inapeleka oili kwenye mota ya upande wake, mota inavuta cheni, na cheni zinazungusha gurudumu la mbele na la nyuma kwa pamoja. Ndiyo maana mashine haikati kona, inaburuza matairi.

Ukilielewa hilo, mashine yenyewe inakusimulia. Ikiwa kila kitu kimelegea, kutembea na kunyanyua, tafuta kinachotumiwa na wote: mkanda, filta, kiwango cha oili, nguvu ya injini. Mkanda uliolegea mara nyingi hupiga kelele ukiibebesha mzigo.

Ikiwa mikono inanyanyua vizuri lakini magurudumu yote yamegoma, usiguse spana bado. 763 ina mfumo wa kufunga mwendo mpaka dereva awe amekaa na kushusha kile kizuizi cha mapajani. Kaa, shusha, tazama taa za dashibodi. Kasoro ndogo kwenye mfumo huo imeshawauzia watu pampu.

Ikiwa ni upande mmoja tu, anza na fimbo na vibushi vyake. Vikiwa vizima, fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Inua mashine, magurudumu yote manne yawe hewani juu ya stendi madhubuti. Zima injini, zungusha fimbo kutoa presha, weka alama hozi za kutembea kwa tepu za rangi mbili, kisha, kama urefu unaruhusu, peleka za pampu ya kushoto kwenye mota ya kulia na za kulia kwenye mota ya kushoto. Sasa fimbo ya kushoto inaendesha magurudumu ya kulia, usishtuke. Udhaifu ukihamia upande wa pili, mgonjwa ni pampu. Ukibaki palepale, ni mota au cheni. Saa mbili za kazi, na vizibo safi vya kuziba midomo ya hozi. Kama inachoka baada ya kupata moto tu, ifanye ikiwa imepata moto, la sivyo utadanganyika.

Hatua ya 4: Cheni

Mashine ikiwa bado juu, shika tairi ulitikise mbele na nyuma. Mchezo mkubwa ni cheni iliyorefuka au sproketi (gia zenye meno zinazovuta cheni) zilizoisha. Fungua mfuniko wa sanduku la cheni uangalie oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, ukivua vipande vya chuma kwa sumaku, beringi au rola zinakufa. Usifunge cheni mpya juu ya sproketi zenye meno yaliyochongoka kama papa.

Hatua ya 5: Spea

Acha kusaka "spea za bobcat". Mashine imeundwa kwa vitu vya kawaida, na kila kimoja kina jina lake mwenyewe.

Beringi ina namba ubavuni. Kwa zile za kawaida, tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa 5 unapata tundu kwa milimita: 6205 ni milimita 25. Nenda duka la beringi na namba hiyo. Sili za mafuta nazo zimeandikwa ndani, nje na unene. Sili za silinda za mikono mpelekee muuzaji kipenyo cha fimbo, kipenyo cha ndani cha silinda na zile za zamani, hata kama zimechanika. Hozi hubanwa hapohapo mjini. Nenda na hozi kuukuu nzima, ncha zote mbili, maana ncha za koni na za o-ringi hazioani hata zikionekana mapacha.

Injini ndiyo habari njema. Kubota V2203 imo kwenye jenereta, kwenye taa za mnara za migodini na kwenye mitambo ya kontena za baridi ya Carrier, ambako huitwa CT4-134. Bandarini mitambo hiyo ipo mingi. Na Kubota D1703 ya silinda tatu ina kipenyo kilekile cha silinda, 87 mm, na mwendo uleule wa pistoni, 92.4 mm.

Sasa nikuibie siri ya hasara yangu. Nilinunua pistoni nne za mtambo wa kontena, kipenyo sawasawa, bei nzuri, nikarudi gereji napiga mluzi. Kuziweka mezani kando ya za zamani, mpya zina shimo katikati ya kichwa kama kikombe, za zamani hazina. Nilikuwa nimeuziwa za DI, injini inayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, wakati mashine yangu ilikuwa ya kuchomea kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Muuzaji akasema mali ikitoka hairudi. Zipo kabatini mpaka leo. Kwa hiyo soma namba nzima ya injini, pamoja na herufi za mwisho.

Cha kununua halisi bila kubana ni mkanda wa pampu na filta ya haidroliki. Vingine ninajadili bei.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: Shikamoo fundi. Nilifunga tairi mpya mbili mbele, nyuma nikaacha za zamani. Mwezi haujaisha cheni imekatika. Ni bahati mbaya?

Marahaba. Si bahati. Gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja yamefungwa pamoja, yanazunguka sawa. Jipya lina duara kubwa kuliko lililolika, kwa hiyo kila hatua yanavutana, na anayeumia ni cheni. Ukiwa na mbili mpya, zifunge upande mmoja zote. Mashine itavuta kidogo upande mmoja, dereva atazoea. Na zote ziwe 10-16.5, presha moja.

Kutoka Mombasa: Stata inazungusha fiti lakini haiwaki, wala moshi hautoki. Fundi wa hapa amesema nozo, vile vipuliza dizeli.

Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Kabla ya nozo, mwambie mtu awashe huku umesikiliza solenoidi ya kuzima mafuta (sumaku ya umeme inayofungua na kukata dizeli) karibu na pampu ya nozo. Isipogonga, pima umeme. Ndani ina koili mbili: ya kuvuta, inayokula umeme mwingi kwa kitambo kidogo tu, na ya kushikilia. Usiunge ya kuvuta moja kwa moja na betri uiache hapo, itaungua ukiwa bado unajipongeza.

Kutoka Sharjah: Nipo huku maduka ya mitumba, ndugu yangu Tanga anataka pampu pacha. Nikague nini, kaka?

Kaka, piga picha ya kibati, halafu muulize muuzaji ilitoka mashine gani. Hakikisha mwelekeo wa mzunguko, saa au kinyume cha saa, maana hauonekani kwa macho. Hesabu meno ya shafti. Zungusha kwa mkono: iende laini, isikwame mahali. Mimina oili iliyobaki ndani kwenye kitambaa cheupe. Iking'aa dhahabu dhahabu, hayo ni madini ya ndani yanalika, iache. Ukiinunua, midomo yote izibwe kwa vizibo vya plastiki kabla haijaingia kwenye boksi, si matambara. Nyuzi za tambara ndizo nilizozitoa kwenye vali ya pampu iliyokuja hivyo mwaka jana.