Namna ya kufundisha uchumi na kutumikia kanisa bila kuchanganya madaftari

Mjane mmoja ndiye aliyenionyesha kazi hii inaanzia wapi. Nilikuwa nimetumia dakika arobaini kanisani nikieleza mfumuko wa bei, nimejiridhisha kabisa, aliponyosha mkono: "Mwalimu, sasa nikope au nisikope?" Shahada zote zile, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo naanza na hesabu ya mtu aliye mbele yangu, na wewe anzia hapo. Mwombe akuletee karatasi ya mkopo anaotaka kusaini. Tuseme anakopa 1,200 kwa miezi 12, riba asilimia 10 inayohesabiwa juu ya mkopo wote. Riba ni 120. Yeye anaona kumi, anatulia. Mwonyeshe kwamba kila mwezi anarudisha 100 ya fedha alizokopa, hivyo mwezi wa mwisho kilichobaki mikononi mwake ni 100 tu. Ukipiga wastani wa mwaka, ametumia 650, si 1,200. Gharama ya kweli, yaani riba ya 120 kwa hizo 650, inakaribia asilimia 18. Kalamu ishikwe na yeye, siyo wewe. Mkimaliza, nyamaza, maana uamuzi ni wake.

Hesabu hiyohiyo ipeleke darasani (futa jina kwanza). Wanafunzi wangu husinzia kwenye milinganyo, lakini kwenye karatasi ya mkopo sijaona wa kusinzia.

Biblia darasani nayo ina mahali pake. Usiitumie kuziba pengo la hoja. Asiyeamini anastahili uchumi uleule anaopata mwamini. Mimi huwapa Kumbukumbu la Torati 23, panapokatazwa kumtoza ndugu riba, na Nehemia 5, ambapo watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Kisha nauliza: huu ni mkopo wa njaa au wa mtaji? Aliyekopa ili ale hana faida ya kulipia riba, ila aliyekopa anunue cherehani huenda anayo. Mjadala huo hula kipindi kizima, nami nauacha ule.

Wala usidhani imani itakukinga usikosee. Thomas Malthus alikuwa kasisi wa Kianglikana, na tangu 1805 alifundisha uchumi katika chuo cha Haileybury, Uingereza. Alizipinga sheria za kusaidia maskini akiamini zinaongeza watu bila kuongeza chakula. Hakuona jinsi mavuno yangekuja kuongezeka. Namfundisha kwa heshima, na kwa hofu kidogo, kwa kuwa nami nimewahi kumhukumu maskini kwa grafu.

Ninayemwiga zaidi ni padri Moses Coady wa Nova Scotia, Kanada. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier waliwakusanya wavuvi na wakulima katika vikundi vidogo vya kujifunza. Ushirika na vyama vya akiba na mikopo vilichipuka humo. Kwa hiyo, ukianzisha kikundi cha akiba, kutaneni kwanza mjifunze kuandika daftari na kukubaliana masharti. Sanduku la fedha linaweza kusubiri.

Sasa uhazini. Watakuomba mapema kwa kuwa wewe ni "mtu wa uchumi". Kubali, lakini ukatae kushika ufunguo peke yako. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo hakumtuma Tito peke yake kwa habari ya mchango; alimwambatanisha na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asipatikane wa kulaumu. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, iandikwe na kusainiwa kabla hamjatoka chumbani, na mkaguzi asiwe ndugu wa mhazini.

Mwaka mmoja nilipoteza stakabadhi. Kwa aibu nikafidia kwa fedha zangu, nikakaa kimya. Nilikosea: pengo lilifichika, na hesabu ikawa ya uongo japo ilikuwa sawasawa. Ningepaswa kuwaambia wazee siku ileile. Miezi miwili baadaye niliikuta stakabadhi katikati ya karatasi za mtihani nilizokuwa nasahihisha. Siku hizi nina mikoba miwili, mweusi wa chuo na wa bluu wa kanisa, na siifungui yote miwili kwenye meza moja.