Jinsi ya kujionea turbulensi ikipasha joto upepo wa jua, kwa laptop yako tu

Ukiuliza upepo wa jua (chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua muda wote) unapata wapi joto utajibiwa "turbulensi", yaani misukosuko, basi imeisha, wakati data zipo bure kabisa, unahitaji Python na bando tu.

Anza na hesabu ya karatasi. Gesi ya protoni ikitanuka bila kuongezewa chochote, joto linashuka kwa umbali kipeo -4/3, yaani kutoka 0.3 AU (AU moja ni umbali wa dunia na jua) mpaka huku kwetu 1 AU inabaki kama moja ya tano. Vyombo vya Helios (1974 na 1976) vilipima njia hiyo hiyo na joto halikushuka hivyo, hasa kwenye upepo wa kasi. Kwa hiyo kuna kitu kinachochea moto njiani.

Ingia CDAWeb, tovuti ya data za NASA, pakua vipimo vya uga sumaku vya chombo cha Wind, na tafadhali chukua faili za H2, zenye vipimo vingi kila sekunde, sio zile za kipimo kimoja kila sekunde 3, maana za sekunde 3 zinakatika kabla hujaona chochote cha maana. Chagua masaa ambayo kasi na msongamano vimetulia, ukichanganya upepo wa kasi na wa polepole grafu itakudanganya.

Piga spektra (nguvu ya misukosuko kwa kila masafa) kwa welch ya scipy, maktaba ya Python, jumlisha x, y na z, chora logi kwa logi. Utaona mteremko wa karibu -5/3, ule wa mwanahisabati Kolmogorov wa 1941: misukosuko mikubwa inavunjika kuwa midogo kama noti ya elfu kumi inavyochenjiwa mpaka sarafu, thamani iko pale pale. Halafu kati ya 0.1 na 1 Hz laini inapinda, inaporomoka kwa karibu -2.8. Sasa chukua kasi ya upepo, tuseme 400 km/s, gawa kwa 0.5 Hz unapata kilomita 800, gawa tena kwa 2π inakuja kama 127, na protoni inazunguka uga kwa nusu kipenyo cha karibu kilomita 100! Hapo ndipo nishati inaanza kuingia kwenye chembe zenyewe, na mimi hiyo pindo sichoki kuiangalia.

Ila pindo peke yake haikupi kiasi cha joto. Kwa hicho tumia sheria ya Politano na Pouquet (1998), inayokadiria nishati inayoshuka kwenda misukosuko midogo, na fanya wastani wa siku nyingi sana maana namba zinarukaruka. Huku karibu na dunia inatoka maelfu ya joule kwa kilo kila sekunde.

Ukihamia data za Parker Solar Probe, chombo cha NASA kinachopita karibu sana na jua, usitumie kasi ya upepo peke yake, chombo chenyewe kilikuwa kinakimbia 192 km/s tarehe 24 Desemba 2024, lazima uhesabu na mwendo wake.