Kipokezi cha Setilaiti Kinapotoa Majira Yasiyolingana na Bikoni

Kabla ya kulaumu kifaa, simika kipokezi juu ya bikoni (alama ya upimaji iliyojengwa ardhini) yenye majira, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, yaliyosajiliwa, kisha linganisha namba, kwa sababu ukubwa wa tofauti ndio unaoonyesha chanzo chake. Katika Tanzania na Kenya, tofauti ya takriban mita 300 kutoka kaskazini hadi kusini, pamoja na mita 90 hivi mashariki na magharibi, karibu kila mara hutokana na kuchanganya mfumo wa majira wa WGS84, unaotumiwa na GPS, na ule wa zamani wa Arc 1960, ambao ramani na hati nyingi bado zinautumia. Kwenye kidhibiti (kifaa cha mkononi cha kuendeshea kipokezi), fungua mipangilio ya kazi, chagua Arc 1960, na uhakikishe kwamba vigezo vya kubadilisha majira kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni vile vinavyotumika eneo hilo.

Tofauti ya mamia ya kilomita huashiria ukanda usio sahihi wa UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda za kaskazini-kusini: Dodoma imo katika ukanda wa 36, Arusha katika wa 37.

Majira ya mlalo (mashariki na kaskazini) yakilingana lakini kimo kikatofautiana kwa sentimita 20, pima upya urefu wa fimbo inayobeba kipokezi, kwani fimbo ya mita 2.00 hushushwa hadi 1.80 bila namba kwenye kidhibiti kubadilishwa. Usianze kupima mpaka majira ya bikoni ya pili nayo yalingane.